Kuingia Itaingia

Msikilizaji, leo nina jambo ambalo ukilitaja kijiweni watu watacheka kwanza, kisha kila mmoja atakuwa na lake la kusema: kubeba pikipiki ndani ya gari dogo. Sisemi Canter, sisemi Fuso, wala kirikuu. Nasema gari la mtu la kwenda nalo kazini na kurudisha watoto kutoka shule, haya madogo yaliyoinuka kidogo yaliyojaa Tanzania na Kenya: RAV4, Escudo, CR-V, X-Trail. Viti vya nyuma vinalazwa, mlango wa nyuma unafunguliwa, na Boxer au TVS inasukumwa ndani kichwa kikiwa mbele.

Sababu zipo. Mwalimu amehamishwa kutoka Morogoro kwenda Songea, ana gari, ana pikipiki, na dereva ni yeye peke yake. Mwingine pikipiki imemfia njiani usiku, na mwenye gari wa kumpigia simu ni shemeji. Mwingine amepata pikipiki ya mkononi mkoa wa jirani kwa bei nzuri, ila leseni yake haina daraja la pikipiki. Hawa wote wanaishia kwenye ubishi ule ule, mmoja kasimama nyuma ya gari na kiuno kakishika, mwingine anapima kwa shubiri: itaingia, haiingii.

Mimi nasema ubishi huo unaishia mahali pasipo pake. Kuingia itaingia, nitakueleza hivi punde ni kwa namna gani. Ila watu wakishaona mlango umefungwa wanapongezana, wanapiga picha, wanawasha gari. Hatari yenyewe inaanzia hapo.

Tuanze na vipimo, maana vina utamu wake. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda, zile za injini ya cc 100 hadi 150, ina urefu wa karibu mita 2 na uzito wa kilo 110 hadi 125 hivi, kutegemea toleo. Gari dogo la aina niliyoitaja, viti vikilazwa, haliwi na mita 2 za sakafu iliyonyooka. Na kimo cha mlango wake wa nyuma mara nyingi hakifiki mita 1, wakati pikipiki iliyosimama na vioo vyake inazidi kimo hicho bila shida. Kwa hiyo anayesema haiingii ana haki yake, kama anaizungumzia pikipiki nzima.

Sasa toa gurudumu la mbele. Gurudumu la inchi 17 pamoja na tairi lake lina kipenyo cha karibu sentimita 60. Nusu yake, sentimita 30, ndiyo iliyokuwa imechomoza mbele ya ekseli, na nusu hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa imeinyanyua ekseli kutoka chini. Ukilitoa na kuzikalisha shokapu sakafuni, umepunguza sentimita 30 za urefu na umeshusha kichwa cha pikipiki kwa sentimita zinazokaribia hizo hizo. Kwa spana moja tu na dakika chache. Vioo vinafunguliwa kwa mkono. Usukani ukigoma, boliti nne zilizoubana juu zinalegezwa, unalazwa juu ya tanki pamoja na waya zake zote za klachi na breki, bila kuchomoa hata moja. Hapo kitu kirefu kuliko vyote kwenda juu kinabaki kuwa siti.

Na kama urefu bado unakusumbua, iweke kimshazari. Chukua sakafu ya mita 1.4 kwa mita 1: kona hadi kona yake ni mita 1.72. Pikipiki yetu isiyo na gurudumu la mbele ina mita 1.7. Kwa kalamu imeshaingia. Kwa kweli bado kuna upana wa siti ya pikipiki na vyuma vya kukanyagia vya kuhangaika navyo, lakini kiti cha abiria cha mbele kikisogezwa hadi mwisho, kunapatikana nafasi ambayo watu wengi hawaihesabu kabisa.

Anayeona kufungua gurudumu ni kuidhalilisha pikipiki yake ajue kwamba haikufika dukani ikiwa imesimama kwa magurudumu mawili. Pikipiki nyingi za biashara zinazouzwa kwetu husafirishwa ndani ya maboksi, gurudumu la mbele likiwa pembeni na usukani umelazwa, kisha fundi wa duka ndiye anayeziunganisha. Waliozitengeneza ndio waliokuwa wa kwanza kuzifungua ili zienee. Wewe unarudia kazi yao.

Magari nayo hayalingani. RAV4 za kizazi cha pili, zilizoanza kuuzwa mwaka 2000, zinapendwa kwa kazi hii kwa sababu viti vyake vya nyuma hukunjwa kuelekea mbele na vinaweza kutolewa nje kabisa ukaviacha nyumbani. Mlango wake wa nyuma hufunguka kwa upande, bawaba zikiwa kulia, kwa hiyo kwetu tunaoendesha kushoto anayepakia husimama upande wa kando ya barabara. Honda walikuwa na gari lingine, Element, lililouzwa Marekani kuanzia mwaka 2003 hadi 2011, viti vyake vya nyuma vinakunjwa ukutani kama vitanda vya garimoshi, sakafu inabaki tupu. Waamerika wenye pikipiki walilifurahia gari hilo kuliko wauzaji walivyotarajia, nadhani.

Na nikiwataja Honda siwezi kuipita Motocompo. Mwaka 1981 kampuni hiyo ilitoa gari dogo liitwalo City, na pamoja nalo kipikipiki cha cc 49 kilichobuniwa mahususi kukaa kwenye buti la gari hilo. Usukani ulikunjwa, siti ilizama, vya kukanyagia vilirudi ndani, kikabaki kiboksi cha pembe nne cha kilo 40 na kitu. Wazo lilikuwa uegeshe gari mbali na msongamano wa mji, umalizie safari kwa kipikipiki. Viliuzwa zaidi ya 50,000 hadi vilipoachwa kutengenezwa mwaka 1983, na mwaka 2023 Honda wakalirudia wazo hilo kwa chombo cha umeme cha kilo 19 hivi. Waingereza walikuwa wametangulia, kwa sababu isiyo ya kufurahisha: katika Vita Vikuu vya Pili walitengeneza pikipiki ya kukunja iitwayo Welbike, injini ya cc 98, ya kudondoshwa kwa parachuti ikiwa ndani ya mtungi wa chuma. Hao wote walianza kwenye ubao wa kuchorea. Walijua kabla ya kukata chuma cha kwanza kwamba chombo hiki kitasafiri ndani ya kingine. Boxer haikuchorwa hivyo. Kila ambacho wahandisi wale walikifanyia kazi miezi mingi, wewe unakifanya nyuma ya gari lako jioni moja, tena giza linaingia.

Haya, tupakie. Tuseme sakafu ya buti iko sentimita 70 kutoka ardhini na unataka kuipandisha pikipiki nzima kwa ubao, gari lako likiwa na mlango mrefu wa kutosha. Ubao wa mita 2 utakudai nguvu ya kusukuma kilo 42 hivi kwa pikipiki ya kilo 120. Ubao wa mita 1 utakudai kilo 84, na ni mwinuko wa kukaribia kupanda ngazi. Vijana wenye haraka huchukua ubao mfupi kwa sababu ndio uliopo, kisha mmoja anawasha injini ili pikipiki ijipandishe kwa gia ya kwanza. Usifanye hivyo. Pikipiki inayopanda kwa moto haina mahali pa kusimamia zaidi ya kioo cha mbele.

Kwa aliyetoa gurudumu kazi ni nyingine. Watu wawili wanainua kichwa, ambacho ni karibu nusu ya uzito wote, wanakikalisha kwenye kipande cha plaiwudi kilichotandikwa juu ya gunia. Ekseli iwe imerudishwa kwenye shokapu na nati yake imekazwa, ili miguu ya shokapu isipindane. Halafu mmoja anakaa ndani anavuta plaiwudi, mwingine nje anasukuma gurudumu la nyuma lipande kwenye ubao. Cheni iko upande mmoja, ekzosi upande mwingine: kama injini imezimwa sasa hivi, ekzosi ndiyo itakayochoma kiti, au kiganja cha mtu. Nimewahi kuona kiti cha gari chenye alama nyeusi ya ekzosi, umbo lake kamili mpaka kile kichwa cha boliti. Mwenye gari alikuwa ametandika kitenge juu yake.

Imeingia. Mlango umefungwa. Sasa ndiyo tunaanza.

Jambo la kwanza ni petroli. Watu wengi huulizana kama petroli itamwagika, na swali hilo ni zuri, ila halijitoshelezi. Kinachoshika moto katika petroli ni mvuke wake, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukatoka dirishani; unashuka, unajikusanya sakafuni, chini ya viti, kule kule ziliko waya za umeme za gari. Hewa ikiwa na mvuke wa petroli kiasi cha asilimia 1.4 tu, cheche inatosha. Ukipiga hesabu kwa gari dogo lililofungwa vioo, petroli ya kujaa glasi moja ikigeuka mvuke yote, inaikaribia asilimia hiyo.

Glasi hiyo inatoka wapi? Kabureta ina kibakuli chake chenye petroli muda wote, na pikipiki ikilala upande kibakuli hicho kinamwagika. Kifuniko cha tanki kina tundu dogo la kupitisha hewa, bila hilo petroli isingeshuka kwenye injini. Tundu hilo hilo linapitisha nje. Tena petroli hutanuka kwa joto. Tanki la lita 10 lililojazwa hadi shingoni asubuhi ya baridi pale Makambako, ukishuka nalo hadi Dar es Salaam jua la saa nane, joto likiongezeka nyuzi 20, petroli imetanuka kwa karibu moja ya tano ya lita. Haina pa kukaa. Itatoka kwa lile tundu.

Kwa hiyo tanki litolewe petroli, yote au karibu yote, na iliyotolewa isirudi ndani ya gari kwenye dumu la maji ya kunywa. Koki ifungwe. Mafundi wana mtindo mzuri: wanafunga koki huku injini inaunguruma, wanaiacha mpaka inajizima yenyewe. Hapo kabureta imekunywa ilichokuwa nacho. Kisha ile skrubu ya chini ya kibakuli inafunguliwa, yatoke matone ya mwisho kwenye kopo. Waya wa betri wa hasi uchomolewe. Betri yenyewe, kama ni ya maji, haitakiwi kulazwa, kwa kuwa asidi yake inakula zulia, inakula chuma, na inakula mikono yako utakapokuwa unafuta usichokijua. Oili nayo, pikipiki ikilazwa, hupenya hadi kwenye chujio la hewa. Kama kimo cha gari kinaruhusu, iache pikipiki isimame wima.

Na hapa kuna ujanja wa barabarani ambao umenifanya niandae mazungumzo haya. Pikipiki haikuenea, gurudumu la nyuma limechomoza nje. Basi mlango wa nyuma unaachwa wazi, unafungwa kwa kamba, safari inaanza. Wengine wanafanya hivyo hata pale ilipoenea, eti harufu ya petroli itoke. Gari likienda kasi, hewa ya nyuma yake inajizungusha na kurudi ndani kupitia mlango ulio wazi, na inarudi na moshi wa ekzosi ya gari lenyewe. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Dereva anaanza kuumwa kichwa, anadhani ni uchovu. Anapiga miayo, anaongeza sauti ya redio, labda ananisikiliza mimi. Mlango wa nyuma ufungwe, vioo vya mbele viteremshwe. Kama mlango haufungi, gari hilo si la mzigo huo, tafuta kirikuu. Sina namna ya kulipamba hilo.

Jambo la pili ni breki. Pikipiki ndani ya gari haijui kwamba imebebwa. Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, pikipiki ya kilo 120 inaendelea mbele kwa nguvu ya zaidi ya tani 2. Kilomita 50, msikilizaji, ndio mwendo tunaoruhusiwa kupita nao katikati ya vijiji Tanzania, ndio mwendo tunaouona wa pole. Mbele ya pikipiki hiyo kuna mgongo wa kiti, na mbele ya mgongo huo kuna wewe.

Watu hufunga kwa walichonacho. Mpira wa tyubu uliokatwa vipande, huo huo wa kufungia gunia la mkaa kwenye bodaboda, ni mzuri kwa gunia la mkaa. Kwa kazi hii unavutika, na kitu kinachovutika kinaupa mzigo nafasi ya kupata kasi kabla ya kuuzuia. Kamba ya manila inashika, ila fundo lake hulegea kadiri barabara inavyotikisa. Mikanda ya kufungia mizigo, ile yenye chuma cha kukazia, ndiyo ya kutafuta, inauzwa kwenye maduka ya vipuri vya malori. Miwili mbele ikivuta kwenda chini na mbele, mmoja kila upande kutoka kwenye kichwa cha shokapu, si kutoka kwenye mikono ya usukani. Miwili nyuma ikivuta kwenda chini na nyuma. Hiyo ya nyuma ndiyo itakayoishikilia pikipiki isikufuate siku ya breki kali, na ndiyo ambayo watu huiruka, kwa sababu macho yao yote yako kwenye kuanguka kwa upande.

Inafungiwa wapi? Vile vikulabu vidogo vya plastiki kwenye buti vimewekwa kwa mifuko ya sokoni, usiviamini. Tafuta mahali ambapo viti vimefungwa sakafuni kwa boliti, au pale mikanda ya usalama ya abiria ilipochimbiwa kwenye bodi. Sehemu hizo zimetengenezwa kumshikilia mtu wakati wa ajali, basi zina nguvu. Gurudumu lililotolewa nalo lifungwe, halafu spana na ekseli za akiba zisiachwe zikielea. Tunahangaika na kilo 120 halafu kinachotuumiza ni spana namba 19.

Hakuna mtu anayekaa nyuma pamoja na pikipiki kuishikilia. Najua inafanyika. Kijana mwepesi hupachikwa pembeni akiambiwa aegemee tanki, na ndiye anayevuta mvuke wote wa safari, na ndiye atakayekuwa katikati ya chuma na chuma.

Utaniuliza, mbona masharti mengi, si heri kuilipia tu? Mara nyingi, ndiyo. Kwa mwendo wa mjini kirikuu ndicho jibu, na bajaji ya mizigo, wenyewe tunaiita Toyo au guta, inakubeba wewe na pikipiki yako na maneno yako. Kwa mkoa hadi mkoa kuna mabasi yanayopakia pikipiki kwenye buti la chini, na hata wapakiaji wenye akili wa mabasi hayo huanza kwa kukuambia utoe petroli. Gari lako dogo linabaki na maana pale unapohama nalo hata hivyo, au pale saa tano usiku ambapo Toyo hakuna na kuiacha pikipiki porini ni kumgawia mtu.

Ukifika, usikimbilie kuwasha. Fungua milango yote, acha upepo upite kabla hujagusa swichi ya taa ya ndani. Shusha, simamisha, ipe oili muda irudi chini. Unaporudisha gurudumu la mbele la breki ya ngoma, angalia kile kikombe cha breki: kina mfereji ambao lazima ukae kwenye jino la mguu wa shokapu. Usipokaa, gurudumu linazunguka vizuri kabisa hadi siku utakapokamata breki, na hapo kikombe chote kinajizungusha pamoja na gurudumu, waya unakatika. Kama ni breki ya disiki, mtu asiwe amebonyeza mkono wa breki gurudumu likiwa nje, maana pedi zitakuwa zimebanana na disiki haitaingia. Kipande cha ubao katikati ya pedi hizo tangu mwanzo kingeokoa saa nzima. Waya wa spidomita urudi kwenye tundu lake. Betri, hasi mwisho.

Halafu koki. Wapo waliopiga kiki mpaka goti likavimba, wakamwita fundi, fundi akafungua kabureta, akabadilisha plagi, akala hela, na koki imefungwa vile vile ilivyofungwa Makambako.